Fungueni programu kwanza, kompyuta baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na kamati za zabuni za shule, zahanati na vyama vyetu vya akiba na mikopo. Mimi ni fundi kompyuta hapa Morogoro, na simu ninazopigiwa siku hizi zimekuwa za aina moja: "Fundi, mashine mpya zimefika, mfumo wetu hauwaki."

Mashine zenyewe ni vile vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi. Sina ugomvi navyo. Umeme vinakula kidogo, hata sola inavimudu. Ila prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni ya aina ya ARM, wakati zile kuukuu za mezani ni za Intel au AMD, na programu iliyokompailiwa (iliyogeuzwa kuwa lugha ya prosesa) kwa ajili ya hizo haiwaki huku.

Chama kimoja kiliambiwa na muuzaji kuwa mfumo wao umeandikwa kwa lugha ya programu ya Java, na Java inakwenda popote. Nikafungua faili la JAR, yaani kifurushi cha programu ya Java, ambalo kimsingi ni zipu tu. Ndani nikakuta faili la .so la kusomea alama za vidole, ambalo si la Java bali limekompailiwa kwa prosesa ya aina moja. Nikaliuliza kwa amri ya file, likajibu: x86-64, yaani aina ya Intel na AMD. Java yote ilikuwa safi, lakini aliyetengeneza kisomea vidole hatoi msimbo chanzo (maandishi ya programu kabla ya kukompailiwa) wala toleo la ARM. Wanachama wamerudi kwenye kalamu na daftari.

Haya yangejulikana mapema. Vifurushi vya programu vya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, vinajitaja kwa jina: _all.deb kwa kawaida hakina neno, _amd64.deb, cha Intel na AMD, kitafutiwe mwenzake wa arm64. Msimbo wa lugha ya C ukiwepo, pitisha grep, amri ya kutafuta maneno, utafute asm na immintrin.h, hapo mwandishi alisema na prosesa ya Intel moja kwa moja. Mtego mbaya zaidi grep haiuoni. Kwenye Linux ya Intel, char, kisanduku cha C cha kuwekea herufi moja, hubeba namba hasi. Kwenye ARM haibebi. Mtu aliyehifadhi jibu la getchar, amri ya kusoma herufi moja moja, ndani ya char akingoja -1, ishara kwamba herufi zimekwisha, atangoja milele, na kompaila huenda isilalamike hata kidogo. Huo mpaka uwashe programu uone.

Kwa hiyo andikeni kwenye zabuni: muuzaji awashe mfumo wenu wote kwenye mashine moja ya majaribio, mhasibu akiwa amekaa pale, printa na kisomea vidole vimechomekwa, kabla hajalipwa hata shilingi.

Fundi kompyuta,
Morogoro