Stensili siyo ya kupigia namba za madawati

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Juzi nilikuwa stesheneri moja hapa Iringa nasubiri fotokopi, umeme ukakatika, tukabaki tunapiga stori na kijana wa pale, nikamwambia sisi zamani tulikuwa tunatoa mitihani bila umeme, unakata stensili (karatasi ya nta inayopitisha wino pale ulipoandika tu), unazungusha mashine kwa mkono basi, akaniangalia akasema mzee, stensili si ile ya kupigia rangi namba za madawati? Nilicheka ila iliniuma kidogo, ndo maana naandika.

Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia sekondari. Baiolojia bila mchoro hakuna mtihani, sasa karani anapiga taipu maneno kwanza, utepe wa wino ameuzima ili herufi za taipraita zenyewe ndo zikate (na akiigonga O kwa hasira katikati inadondoka, inatoka doa jeusi), ananiachia nusu ukurasa, kuanzia hapo ni mimi na kalamu ya stensili.

Stensili yenyewe ni karatasi ya nyuzi nyepesi kama ganda la kitunguu, imepakwa nta, imebandikwa kichwani kwenye karatasi ngumu. Mimi nilikuwa naegemeza kioo dirishani mchana, naweka mchoro wangu nyuma, stensili juu, mistari inaonekana. Kalamu yake haina wino, ni chuma chenye kidonge mwishoni kama kichwa cha pini, na ipo nyingine ina kagurudumu ka meno kwa ajili ya mistari ya nukta. Na huandiki jamani, unaisukuma nta pembeni taratibu nyuzi zibaki, wino upite hapo. Ukikandamiza sana inachanika, ukiogopa sana mchoro hauonekani, na mkono ukiwa na jasho ndo kabisa. Ukikosea kuna ile dawa nyekundu inanuka kama rangi ya kucha, unapaka, unapuliza, unasubiri ikauke ndo urudie.

Mwaka mmoja kwenye mtihani wa moko nilichora chembe za damu, viduara vidogo vidogo, nikavifunga vizuri kabisa kwa maringo, kumbe duara dogo ukilifunga lote kipande cha katikati kinang'oka. Tumeshazungusha rimu nzima ndo naona mabonge meusi, na kwenye chumba cha mtihani mwanafunzi ananyoosha mkono, mwalimu hizi ni mbegu za nini? Tangu siku hiyo kila duara naliachia kaupenyo kama unywele.

Sasa wanaosema ile ilikuwa fotokopi ya kizamani wanakosea. Fotokopi inanakili kilichopo, stensili lazima uujue moyo ndo uuchore, maana huwezi kufuta mara kumi. Na wala haijafa, ile mashine ya Riso iliyopo shule nyingi inafanya hivyohivyo, inatoboa vitundu vidogo kwa joto kwenye karatasi ya masta halafu wino unapita, tofauti ni kwamba mkono wa mwalimu umetolewa. Sisi mashine zote tuliziita Gestetner hata kama siyo, kwa jina la yule Mhungaria aliyehamia London akasajili kalamu yake ya kagurudumu mwaka 1881, na Chicago A.B. Dick akaanza kuuza mimeografu, mashine nyingine ya stensili, mwaka 1887 akitumia hati za uvumbuzi za Edison.

Shule niliyostaafia mashine yao wameiuza chuma chakavu, nimeikuta imeondoka na boksi zima la stensili mpya zilizokuwa stoo. Sisemi turudi huko, wino wake wa tyubu sijui hata utaupata wapi, ila kama kuna shule bado inazo kalamu zile naomba wasitupe, mimi nazitaka hata kwa kununua.

Halafu Mhariri kuna kitu kimoja kinawahusu nyie. Stensili iliyotumika ukitaka kuitunza unailaza katikati ya gazeti la zamani, gazeti linafyonza wino. Ninayo moja ya moyo wa binadamu hadi leo, stensili imeshakakamaa lakini moyo umehamia kwenye gazeti, umegeuka kushoto kulia, umekaa juu ya matokeo ya mpira. Mkiitaka picha yake nitawatumia.

Mwalimu mstaafu,
Iringa