Metali au nozeli? Pima kwanza

Chikongola, Mtwara

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Sauti ya injini ya Canter yako uliyonirekodia nimeirudiarudia hadi mama watoto akauliza ni wimbo gani huo. Sisi huku wazima.

Huyo fundi aliyekwambia metali, zile beringi bapa zinazoshika shafti ya injini, zimekwisha na injini ishushwe, mwambie asubiri. Huenda kweli anajua, lakini hajapima kitu. Kasikia mlio, kataja bei. Na msimu wa korosho ndio huu, ukishusha injini leo mzigo wako wote wa ghalani watabeba wenzio.

Ingekuwa inagonga asubuhi tu halafu inatulia, nisingehangaika, maana huko Newala kuna baridi na dizeli ikiwa baridi hugonga kidogo. Lakini unasema inagonga hata ikishapata moto, na ukitoka Kitangari kupanda mlima inatoa moshi mweusi. Mimi hapo nashuku nozeli. Nozeli nzima hunyunyiza dizeli kama ukungu. Ikichakaa au ikishika masizi inadondosha matone, yale matone yanachelewa kuwaka, kisha yanawaka yote kwa mkupuo. Kishindo chake ndicho unachokisikia.

Fanya hivi. Washa gari, iache ipate moto, iwe inanguruma taratibu bila kukanyaga mafuta. Chukua spana ya 17 au 19, legeza kidogo tu nati ya bomba la dizeli pale linapoingia kwenye nozeli ya kwanza, dizeli ivujie nje. Weka tambara, na uso uwe mbali. Silinda hiyo ikikosa dizeli injini lazima itetemeke. Isipotetemeka, ujue ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Kaza, nenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Ile ambayo ukiilegeza mlio unakufa, iwekee alama.

Ila usishangilie bado, na hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Metali ya konirodi, ule mkono unaounganisha pistoni na shafti, iliyolika nayo hunyamaza ukiinyima silinda yake dizeli, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Kwa hiyo ng'oa nozeli ya silinda hiyo, uibadilishe na ya jirani, kisha uwashe. Mlio ukihama pamoja na nozeli, metali zako hazina hatia. Ukibaki palepale, basi fundi wako ana hoja, na tutazungumza habari nyingine.

Haya yote ni kwa Canter yako ya zamani yenye pampu ya kawaida. Ile pikapu mpya ya shemeji, yenye reli moja ya presha na nozeli za umeme, asijaribu kulegeza bomba. Mle ndani presha inapita baa 1,000.

Ukishaipata yenye kosa usiisafishe huko uwanjani, niletee. Hapa gereji kuna pampu ya mkono yenye geji. Unafunga nozeli, unabonyeza mkono wa pampu polepole, unatazama mshale unapanda mpaka nozeli ifunguke. Kwa injini za aina yako huwa kati ya baa 180 na 250, kiwango kamili kiko kwenye kitabu cha injini. Nzima inalia krr, krr, inatoa ukungu sawasawa kila tundu, na ncha inabaki kavu. Mbovu inakojoa upande mmoja. Halafu tunashikilia presha baa 20 chini ya pale ilipofungukia, tunahesabu mpaka kumi: tone likidondoka, haifungi vizuri. Na mkono haupiti mbele yake hata kwa utani. Ule ukungu unapenya ngozi bila kuacha jeraha la maana, na vidole vinaweza kukatwa. Ukungu ukimpiga mtu ni hospitali ya Ligula saa hiyohiyo, hata kama anasema hasikii maumivu.

Kuisafisha si kazi kubwa. Tunaloweka kwenye dizeli safi, tunasugua masizi kwa brashi ya shaba. Msasa na waya wa chuma marufuku, maana sindano iliyo ndani ya nozeli na nyumba yake zimesagwa pamoja na hazibadilishani na za nozeli nyingine. Sindano ikiwa safi, ukiivuta kidogo na kuiachia inateremka yenyewe kwa uzito wake. Ikikwama hata baada ya kusafishwa, nunua mpya. Presha ya kufungukia ikiwa chini tunaongeza shimu, kile kipande chembamba kinachokaza springi.

Hilo la kununua dizeli ya madumu njiani nimelisema sana, sirudii. Fungua tu kibomba cha chini ya filta uone maji yanayotoka.

Ila ukileta, ng'oa zote nne, si ile yenye kosa peke yake. Ziba mabomba kwa nailoni safi, kila nozeli ifunge kwenye kitambaa chake na uandike namba ya silinda. Nunua washa mpya za kopa, zile pete zinazokaa chini ya nozeli, za zamani hazirudi. Mpe dereva wa basi la asubuhi azishushe stendi, nitazifuata. Ijumaa baada ya swala navuka kwenda Msangamkuu kwa shangazi, kwa hiyo zifike kabla ya Alhamisi.

Wasalimie watoto.

Somo yako