Kichupa cha farasi si dawa ya kidonda cha punda

Bwana Mhariri,

Nimefuga punda hapa Lamu miaka 32, na sasa ninao wanne wa kubeba mchanga na mawe kutoka gatini hadi kwenye nyumba zinazojengwa. Mwezi uliopita mlichapisha habari fupi ya "dawa mpya inayokamuliwa kwenye damu ya farasi", inayotibu vidonda na uvimbe. Tangu hapo vijana watatu wamenijia barazani kuuliza inapatikana wapi. Mmoja ameshatajiwa bei na dalali.

Si dawa. Wala haikamuliwi.

Binti yangu anafanya kazi maabara Nairobi. Alipokuja Idi nilimwekea gazeti lenu mbele. Alicheka, kisha akanivuta hadi zizini, kwa Kijivi, ambaye shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, ilikuwa imemchubua begani, pametutumka, panatoka usaha. Akaniuliza usaha ni nini. Nikamjibu ni uchafu. "La, baba, sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizofia kazini."

Na nani aliziita? Nyama iliyojeruhiwa hutoa protini ndogo sana ziitwazo kemokini, na chembe nyeupe huzifuata kama paka wa hapa Amu wanavyofuata harufu ya samaki: kila harufu ikizidi, ndivyo wanavyosogea, hadi wafike kwenye meza ya mchuuzi. Mojawapo huitwa intaleukini-8, na ndiyo hiyo mliyoiita dawa.

Hiyo ya kwenye vichupa hutengenezwa hivi: jeni ya farasi, yaani maagizo ya kuiunda protini hiyo, hupandikizwa ndani ya bakteria, bakteria wanaizalisha protini ile, kisha inasafishwa na kukaushwa. Farasi mwenyewe hatoi hata tone. Binti yangu alinionyesha kichupa kimoja. Nilikielekeza juani nikadhani ni kitupu, kumbe mna mikrogramu chache za unga zilizoganda chini. Kibandiko kinasema wazi ni kwa utafiti tu, asidungwe mtu wala mnyama.

Watafiti huiweka upande mmoja wa utando wenye vitundu, chembe nyeupe za farasi upande wa pili, halafu wanahesabu ngapi zimevuka. Au huitumia kama kipimo cha kulinganishia, wajue intaleukini-8 ni kiasi gani kwenye mapafu ya farasi mwenye pumu ya vumbi la majani makavu. Nilidhani panya wangetosha, wako tele. Panya hana intaleukini-8 kabisa, kwa hiyo hawezi kusimama mahali pa farasi hapa.

Naelewa mwandishi wenu alipotelezea. Sisi wazee tunajua habari ya damu ya farasi na pepopunda. Mwaka 1890 wanasayansi Behring na Kitasato walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyekingwa humwokoa mwingine na ugonjwa huo, na baadaye farasi wakatumika kuyatengeneza kwa wingi. Hata dawa za sumu ya nyoka nyingi mpaka leo hutokana na farasi. Lakini zile huenda kuikamata sumu. Kemokini haikamati kitu, inaita tu. Ukimdunga punda aliyekwisha kuvimba, unaongeza paka wengine kwenye meza iliyokwisha kujaa.

Tena punda si farasi. Farasi ana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, 64, punda 62. Ni ndugu wa kuzaliana nyumbu, sikatai, ila kifaa cha maabara kilichotengenezwa kwa ajili ya farasi sharti kijaribiwe kwanza kwa punda kabla ya kuyaamini majibu yake. Binti yangu anasema vifaa vya farasi ni vichache, vya punda vichache zaidi, mara nyingi wanaazima vya wanyama wengine. Hilo ndilo lingefaa kuandikwa na gazeti linalosomwa Lamu, mji ambao tofali halifiki mtaa wa Mkomani bila mgongo wa punda.

Naomba sahihisho, na liwe ukurasa uleule, lisitupwe chini ya matangazo ya viwanja. Muandike kwa herufi kubwa kuwa kichupa hicho ni cha maabara, maana yule kijana aliyetajiwa bei ameanza kuchangisha pesa kwa wenzake.

Kijivi tulimwosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, daktari wa mifugo akaja akamtazama, nami nikaifumua shogi na kuishona upya, maana kosa lilikuwa la mshono wangu. Hii ni wiki ya tatu habebi kitu. Mchanga wa mteja nausukuma kwa mkokoteni.

Mwenye punda,
Langoni, Lamu