Bampa Si Geti la Nyumba

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka 19 bila kuandika hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari ya Jumamosi iliyopita, yenye picha kubwa ya kijana aliyejiundia bampa la chuma la Land Cruiser uani kwao kwa siku mbili. Kijana simlaumu, maana asiye na fedha za kuagiza la Australia atafanyaje? Ninayemlaumu ni mwandishi wako, aliyetueleza rangi, taa na gharama, asitie neno hata moja kuhusu namna bampa hilo lilivyofungwa kwenye chasisi.

Nami niliwahi kujiundia la kwangu hapa Karatu. Nilikata kiolezo cha katoni, nikakihamishia kwenye bamba, nikakata kwa grenda, nikashikiza nukta nukta kabla ya kuchomelea ili bamba lisijikunje kwa joto, tena sikusahau kufungua waya wa betri ili mashine isije ikaunguza alteneta. Kosa nililifanya mahali pasipoonekana. Mabano mawili ya kulishikia bampa niliyatengeneza kwa chuma cha pembe cha milimita 3 kilichosalia kwenye geti langu, matundu nikayatoboa kwa moto wa kuchomelea badala ya keekee, na bolti nikanunua za bei rahisi zisizo na alama yoyote kichwani, ilhali za kazi kama hiyo huchapwa 8.8, alama ya uimara wake. Masika yalipofika, gari likazama hadi ekseli kwenye udongo mweusi wa njia ya Mang'ola. Nikafunga waya wa winchi, ile mashine ya kujivutia iliyokaa kwenye bampa, kwenye shina la mgunga, nikarudi kwenye usukani na kubonyeza kitufe. Gari halikusogea hata shubiri. Ulisikika mlio kama wa bunduki, kisha nikaliona bampa langu, pamoja na winchi na taa zake mbili, likiruka peke yake kuelekea mtini huku likiburuta nyaya za umeme zilizokatika, nami nimeachwa ndani ya gari lisilo na uso. Msaidizi wangu alikuwa amesimama kando kabisa. Angekuwa kati ya gari na mti, barua hii ningemwandikia mtu mwingine, si wewe. Jioni nilipochungulia uvunguni nikakuta bano moja limebaki kwenye chasisi: tundu lililokuwa duara limerefuka kama kokwa ya tende, na bolti imekatika kama karoti.

Tangu siku hiyo napima kila chuma ninachonunua, na hapo ndipo ninapokutana na kero nyingine ambayo gazeti lako haliigusi. Mwaka jana nilinunua mjini Arusha bamba nililoambiwa ni la milimita 5, nikaliwekea kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, likatoka milimita 4 na nukta 2. Muuzaji hakuona haya hata kidogo, alinijibu, “Mzee, hiyo ndiyo tano ya dukani.” Wasio na kalipa na wachukue mizani, kwa sababu mita moja ya mraba ya bamba la milimita 5 halisi ina uzito wa karibu kilo 39, na la milimita 4 ni karibu kilo 31. Huyo kijana wenu alipewa tano ipi? Mwandishi hakuuliza, lakini alikumbuka kutuambia kwamba rangi ni nyeusi isiyong'aa.

Kwa hiyo naomba safari ijayo mwandishi wako aende na kalipa, mizani na jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya kusimama wima. Bampa likiwa tayari, alipandishe gari kwa kulishikia hapo hapo kwenye bampa hadi magurudumu yote mawili ya mbele yaache ardhi, kila mtu akae mbali, na mwenye gari anywe kikombe kizima cha chai ya maziwa na andazi moja bila haraka. Gari likishushwa likiwa na bampa lake, apige picha ya mabano kutokea chini, hata kama yana tope, nanyi muichapishe kwa ukubwa ule ule mliompa yule kijana na rangi yake.

Dereva wa watalii,
Karatu