Barua ya wazi kwa mdogo wangu: uvimbe si saratani, lakini usingoje

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesikia kwamba majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya ubongo, yametoka, na kwamba ulipoambiwa uvimbe ulio kwenye ubongo wa binti yetu si saratani, ulishusha pumzi ukaamua mambo yabaki kama yalivyo: aendelee na dawa za kifafa tu, bila kufikiria upasuaji. Kushusha pumzi ni haki yako. Huo uamuzi ndio ulionifanya niandike, tena hadharani, kwa kuwa wapo wazazi wengine waliosimama hapo uliposimama wewe.

Uvimbe wake, ule unaoitwa kwa kifupi DNET (kwa Kiingereza, dysembryoplastic neuroepithelial tumour), ulielezwa mwaka 1988 na Catherine Daumas-Duport na wenzake, waliochunguza wagonjwa 39 waliokuwa na kifafa kisichosikia dawa. Hukua polepole mno au haukui kabisa, na Shirika la Afya Duniani huuweka katika daraja la 1, la chini kuliko yote. Shida yake ni mahali ulipo: mara nyingi hukaa katika sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, ukavuruga mwenendo wa umeme wa ubongo. Ndiyo maana kifafa kilipomshika binti hakuanguka wala kutoa povu, bali alikodoa macho, akatafuna mdomo mtupu, akalalamika kwamba kitu kinampanda kutoka tumboni. Walimu walisema ana mawazo mengi.

Amekwisha kutumia dawa mbili, kwa kipimo kinachofaa, bila kuruka siku. Mgonjwa ambaye dawa mbili zilizochaguliwa vyema zimeshindwa kumtuliza huhesabiwa kuwa na kifafa sugu, na matumaini ya dawa ya tatu huwa madogo. Uvimbe huu ukiondolewa wote, wagonjwa wengi huachana na kifafa, na matokeo huwa bora zaidi pale upasuaji usipocheleweshwa kwa miaka mingi.

Sisemi kwamba upasuaji hauna hatari. Sehemu ile hubeba kumbukumbu, na upande wa kushoto kwa kawaida hubeba lugha pia, kwa hiyo madaktari hupima kwanza umeme wa ubongo, kumbukumbu na usemi, ndipo waamue. Dawa zake usizikatishe hata siku moja.

Siku ya kliniki, muulize daktari kama binti anaweza kupewa rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, na umwonyeshe video ya kifafa kikimshika, uliyoirekodi kwa simu.

Kaka yako