Baa ya mtoni: kabla hatujafungua tena

Wanahisa, habari za jioni. Maji ya Rufiji yameshuka, ila wateja wasubiri kwanza. Friji iliyozama isichomekwe. Tope kwenye feni na viungio vya nyaya litapiga shoti. Fundi aifungue. Akikuta sponji la ndani ya kuta limenyonya maji, iuzwe skrepa, haitapoza tena.

Bia na soda zilizofunikwa na mafuriko zimwagwe hata kama hazijafunguliwa: uchafu wa vyoo huingia chini ya kizibo na hausuguliki. Chupa na kreti zirudi kwa wakala.

Kaunta isijengwe palepale. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wavuvi watanung'unika kutembea, watazoea.