Machale wa Wodi ya Watoto: Wito wa Harambee kwa Wanausharika na Marafiki

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Tunaandika kwa haya kidogo, kwa kuwa hata mwaka haujaisha tangu mtuchangie magodoro ya wodi ya watoto, na sasa tumerudi kuomba fedha za pua nyekundu za machale, yaani vijana wetu wanaowachekesha watoto wodini.

Aliyewahi kuuguza mtoto aliyeungua kwa uji anaujua mlio wa gurudumu la toroli la kufungia vidonda. Toroli likiwa bado koridoni, binti mmoja wa miaka minne alikuwa akikumbatia chuma cha kitanda, na watu wazima watatu wakalazimika kumbana ili bandeji iliyogandia ibanduliwe. Siku kijana wetu alipomfunga kwanza mwanasesere, kisha akajifunga mwenyewe puani na kupiga chafya mpaka bandeji ikafyatuka, mtoto alilia, ndiyo, lakini mkono aliunyoosha mwenyewe. Kiswahili kinaita chale mkato wa wembe, na kinaita chale mchekeshaji. Tunaomba huyu awepo pale ule unapouma.

Wapo wazee waliouliza iweje tuchangie mizaha ilhali dawa hazitoshi. Kazi hii ilipangwa rasmi New York mwaka 1986, Michael Christensen wa sarakasi ya Big Apple Circus alipopeleka machale hospitalini, na mapitio ya majaribio 24 yenye watoto 1,612, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kuwa kwa jumla machale hupunguza hofu ya watoto wanapotibiwa. Huko Florence, Italia, hofu ilipungua kabla ya nusukaputi, ila wahudumu walilalamika kwamba kazi ya chumba cha upasuaji inavurugika. Ndiyo maana vijana wetu hawasogelei kitanda kabla ya muuguzi kuwaita.

Pua tulizonazo ni tatu kwa vijana sita, na muuguzi wa zamu ametukataza, tena kwa haki, kupokezana. Nauli, pua, magauni yanayofulika na mafunzo kwa miezi sita ni Sh 1,860,000. Mkononi tuna Sh 410,000. Michango ya harusi huku kwetu hutimia kabla ya kikao cha tatu, nasi tunajuana.

Mhazini atasoma hesabu kila mwisho wa mwezi, na stakabadhi zitabandikwa ubaoni. Harambee ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Asiye na fedha alete kuku au mkungu wa ndizi, tutanadi.